Sala ya Kaburini Mbele ya Wajawazito

Nianze na aibu yenyewe, msije mkaisikia kwa mtu mwingine: mimi, mtu nisiyeamini Mungu, niliwaombea wanawake wajawazito sala ya maziko, kwa sauti, macho nimefumba, kule Muyinga, na hakuna aliyenilazimisha.

Hapa Yoba, mtaani kwetu Gitega, nimo kwenye kikundi cha akina mama wanaowatetea watoto ambao bado hawajazaliwa. Binti akipata mimba na nyumbani wakamfukuza, tunamtafutia pa kulala, nguo za mtoto, mtu wa kumsindikiza zahanati, ili asifikie kuitoa. Wenzangu wanafanya hivyo kwa ajili ya Mungu. Mimi nafanya kwa ajili ya mdogo wangu wa mwisho, aliyefia mikononi mwangu katika kambi ya wakimbizi Tanzania kabla hajapewa jina, na tangu siku hiyo siwezi kuona uhai wa mtoto kuwa kitu kidogo. (Kutoamini kwangu nilikuficha, maana kikundini kwetu kusema husali ni sawa na kusema huogi.)

Aliyejua ni mmoja tu, Aline, binti wa Bugendana aliyemaliza sekondari, mwenye mimba changa. Alikuwa ameondolewa kwenye kwaya, na kila aliyemwendea alimwombea kwanza kisha akamhoji baba wa mtoto ni nani. Alikuwa ameshaamua kuitoa. Nilipomnong'oneza kwamba mimi sisali wala simhukumu, alilia sana, akasema atanisikiliza mimi tu, akakubali twende wote Muyinga akutane na mabinti waliozaa wakiwa peke yao, ndipo aamue.

Basi tumefika, ukumbi umejaa mabinti hao na wajawazito wengine, na desturi yetu mnaijua: mgeni ndiye anayefungua kwa sala. Mama Consolata, kiongozi wetu, mpole ambaye hajawahi kunikosea, akanigeukia mimi. Ningesema aombe mwingine, yakaisha. Lakini niliogopa watu watanionaje, nikasimama.

Nikafumba macho, kichwani hamna kitu. Nikasema Baba yetu mwema, nikarudia, nikashukuru kwa safari (safari yenyewe gari lilituharibikia), kisha maneno yakaja yenyewe, mazuri, yamenyooka, nami nikafurahi kama mwanafunzi aliyekumbuka jibu. Baba yangu ndiye aliyekuwa akiongoza maziko kambini, nami nilimfuata kila mahali, kwa hiyo sala ninayoijua kwa moyo ni hiyo moja. Nilikuwa nimeshafika kwenye udongo kurudi udongoni, namkabidhi Bwana mwili huu mdogo, ndipo nikasikia benchi likisukumwa.

Nilipofumbua macho, wanawake walikuwa wameshika matumbo yao, mmoja analia. Mama Consolata akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, ile si ya mazishi?" Kabla sijajibu niliona kiti cha Aline hakina mtu.

Nilimkuta uani, amesimama karibu na jiko.

"Dada, uliniambia hausali," akasema. "Mi nilikuja juu ya ile tu. Sasa ile ingine yote uliniambia, nayo ni uongo?"

Hilo liliniuma kuliko aibu yote ya ukumbini. Nikarudi ndani, Aline akinitazama kutoka mlangoni, nikawaambia wote kwamba siamini, na kwamba maneno yale baba yangu aliyasema kwenye kaburi la mdogo wangu. Nikawaomba radhi wajawazito mmoja mmoja (kuna aliyekataa mkono wangu, na simlaumu). Mama Consolata akasema, "Siku zote naombea mikutano, na we uko unanitazama tu?" Nikasema ndiyo. Akasema tutaongea nyumbani. Tuliongea, na hatujamaliza, ila nguo za watoto bado tunakunja pamoja.

Aline hakunisemesha njia nzima hadi Gitega. Miezi ikapita, simu zangu hazipokei. Niliamini nimempoteza yeye na mtoto pia, kwa sababu tu niliona haya kukataa sala.

Kisha akanitumia ujumbe nije kwao Bugendana, bila kusema kwa nini. Nikapanda kile kilima roho mkononi. Nikakuta maharage na ndizi vimepikwa, jamaa wameketi, na Aline ana mtoto mgongoni. Mjomba wake, kwa heshima zote, akasema mgeni wa kutoka mjini aombee chakula. Nikafungua mdomo niseme ukweli, lakini Aline alinitangulia.

"Huyu hasali," akasema, huku akifungua kitenge na kuniwekea mtoto mikononi. "Huyu mumuache ashike mtoto."

Sitaigiza sala tena, popote, hata nikifukuzwa. Mjomba akaomba mwenyewe, wote wakainamisha vichwa, na mimi nikabaki macho wazi, namtazama mtoto akipumua.