Bukari Niliyoikataa Kamalondo

Wifi yangu ni fundi wa nguo mtaani Kamalondo, na ni yeye aliyenifanya nilale njaa miezi mizima huku sufuria zimejaa nyumbani kwangu. Simtaji jina, lakini si kwa huruma. Akisikia habari hii atajijua mwenyewe.

Ni dada mkubwa wa mume wangu, mtoto wa kwanza katika familia yao. Mwaka ule wakwe zangu walikuwa wanajiandaa kwa jubile yao, miaka hamsini ya ndoa: misa parokiani, kisha chakula uani kwao. Ni watu wa kaskazini ya Katanga, babu yao aliletwa huku na kazi ya reli, na kwao sherehe bila kitenge cha familia si sherehe. Mabinti na wake wa watoto wa kiume, wote huvaa kitenge kimoja. Safari hii kilichaguliwa cha kijani chenye ndege wa njano. Kushona ilikuwa kazi ya wifi, na hakuna aliyefikiria kuuliza.

Nilikwenda kupimwa Jumamosi. Kibanda chake kiko ukingoni mwa barabara, mlango hufunguliwa wote, na wateja hungojea kwenye benchi wakinywa soda na kuchunguza wapita njia. Siku hiyo benchi lilikuwa limejaa. Wifi akanizungushia metre, ile tepe yake ya kupimia, kiunoni, na ncha mbili hazikukutana. Hilo silikatai. Nilikuwa nimenenepa, nimezaa, na bukari, ugali wetu, naipenda tangu utotoni. Lakini fundi mwenye adabu angejazia kwa vidole vyake kimya kimya na kuandika. Yeye akarudi nyuma hatua moja, akainua ile metre juu watu waione, akasema:

"Metre aifike. Mutafute kamba ya mbuzi."

Benchi zima likacheka. Mtu mmoja alikuwa amerekodi, maana jioni sauti ile ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, imefuatwa na vikatuni vya mbuzi. Mke wa shemeji yangu alituma vitatu. Mume wangu alisikiliza karibu yangu, akatabasamu kabla hajagundua kwamba namtazama, kisha akaniambia dada yake ana mizaha, nisiweke moyoni.

Niliweka moyoni. Mimi ndivyo nilivyo, na sijawahi kuona faida ya kujifanya mwingine.

Kabla sijazima taa nilikuwa na mpango. Vipimo vyangu alikuwa navyo tayari, na gauni angelishona kwa vipimo vile. Mimi ningekonda polepole bila kumwambia mtu, nisiende kulijaribu hata mara moja. Siku ya jubile ningesimama mbele ya altare gauni likining'inia kama pazia, na kila mwanamke atakayeuliza nani kanishonea, ningemwonyesha kwa kidole. Wateja wake wote wangekuwepo. Nilitaka aibu impate pale pale kwenye ufundi wake anaojivunia.

Basi nikaanza kukaa na njaa.

Kukaa na njaa huku kwangu Ruashi si kazi ndogo. Asubuhi jirani yangu anakaanga mikate mlangoni kwake, na harufu ya mafuta inaingia dirishani kabla hata malori ya madini hayajaanza kutimua vumbi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nilizoea kununua mikate ile ya moto, kuila njiani na kujipangusa vidole kwenye kitambaa kabla ya kengele. Sasa nilikuwa napita upande wa pili wa barabara. Nilikunywa chai isiyo na sukari, na saa nne tumbo lilikuwa tayari linaongea. Siku moja lilinguruma mwanafunzi akisoma mbele ya darasa, akanyamaza akanikodolea macho. Nikamwambia aendelee kusoma, ile haikuwa radi.

Mchana ndio ulikuwa mateso. Nilipaswa kusonga bukari ya watoto kwenye mbabula, jiko letu la makaa, moto unanipiga usoni, unga unaiva, mwiko unakuwa mzito mkononi, na mimi nisionje hata kipande. Watoto waligombania ukoko wa chini ya sufuria. Nilipenda ukoko ule kuliko wao. Nilijipakulia lengalenga, yaani mchicha, zilizochemshwa na nyanya, siku nyingine na samaki mdogo, nikala peke yangu kwa kijiko, maana mboga bila bukari hata mkono hauijui. Nilijifunza kujifunga kitenge kwa nguvu tumboni mpaka maumivu ya njaa yakapungua. Nilijifunza kunywa maji ya moto yenye tangawizi. Na njaa iliponizidi kabisa, ikanishika hapa chini ya mbavu kama mtu anayekamua nguo, nilitoka nje na simu yangu, nikaweka ile sauti sikioni. Metre aifike. Mutafute kamba ya mbuzi. Kisha kile kicheko. Nikimaliza kuisikiliza nilikuwa nimeshiba hasira, naweza kuendelea mpaka jioni.

Kwetu mtu akikonda hapewi hongera. Mwalimu mwenzangu alinivuta pembeni akaniuliza kama mume wangu ana mwanamke mwingine. Mama mmoja wa jumuiya alikuja kuniombea. Mume wangu mwenyewe aliogopa kwamba watu watasema hanilishi, akawa analeta nyama nyumbani na kuiweka mezani mbele yangu, ananitazama. Sikumwambia kitu. Alikuwa ametabasamu siku ile, na yeye alikuwa kwenye hesabu yangu.

Jumapili moja tukaitwa Kamalondo kwa wakwe, kupanga mambo ya jubile. Nilivaa gauni pana na kujitanda kitenge juu, wifi asije akajua mapema. Yeye ndiye aliyepika. Wanawake tuliketi mkekani kuizunguka bukari moja, kama siku zote, na maji ya kunawa yakapita. Nilinawa pamoja na wengine. Halafu nikaweka mikono mapajani nikasema asanteni, nimekula nyumbani.

Kwa mgeni wa mji huu neno lile ni dogo. Lakini pale mkekani hakuna anayelisema. Ukikataa chakula kilichotoka katika mkono wa ndugu, umesema kwamba unauogopa mkono wake, kwamba huenda ametia kitu. Nilikuwa nalijua jambo hilo kama ninavyojua Baba Yetu. Ni vile njaa ilikuwa imenila kichwa, nikawa nafikiria gauni tu.

Shangazi wa mume wangu, mwanamke ambaye habari hailali kwake, aliacha kutafuna. Alinitazama shingo, akatazama mifupa ya mabega iliyojitokeza chini ya kitenge, akatazama bukari, kisha akamtazama wifi.

"Toka lini weye aukuli kwake?" akaniuliza.

Nilifungua mdomo nieleze kwamba najipunguza mwili. Hapo nikauona uso wa wifi. Alikuwa ameshika tonge, halipeleki mdomoni wala halirudishi, na machoni mwake kulikuwa na hofu. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa kitu. Nikaufunga mdomo wangu, nikainamisha kichwa.

"Tuyiache, tante," nikasema. "Iko bien."

Maneno mengine sikuhitaji. Mke wa shemeji, yule wa vikatuni, akarudisha mkono wake taratibu.

Baada ya hapo mambo yalienda yenyewe. Kundi la WhatsApp likanyamaza. Jumapili iliyofuata wifi alipika tena, na kila mtu alikuwa amekula nyumbani kwake. Sufuria zikarudi jinsi zilivyokuja. Bibi harusi mmoja alikwenda kibandani kwake kuchukua kitenge chake kabla hakijakatwa, akasema amebadilisha mtindo. Na kisha shangazi akalifikisha jambo mahali nisipotegemea. Kuku wa jubile, yule wa baba mkwe mwenyewe, mwenye firigisi yake, hupikwa na binti mkubwa. Ni haki yake, wifi alikuwa akiisubiri na kuizungumzia tangu mwaka uliopita. Shangazi akapendekeza kuku huyo apikwe na mdogo wa wifi. Mzee aliulizwa. Alirekebisha kofia yake, akasema wafanye wanavyoona.

Nilifurahi. Naliandika waziwazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilijua wifi hajatia kitu katika chakula cha mtu yeyote. Ana ulimi mbaya, lakini mkono wake ni safi. Neno langu moja lingemaliza yote, na neno lile nililiweka chini ya ulimi kama peremende, nikalimung'unya. Siku zile hata njaa ilinipungua. Nilipita mbele ya mikate ya jirani nikiimba.

Wifi alikuja Ruashi jioni moja, ametembea kutoka barabara kubwa, viatu vyekundu kwa vumbi. Hakutaka kuingia ndani. Aliketi kwenye kiti cha plastiki uani, akaniuliza amenikosea nini.

Hakukumbuka. Hilo liliniuma kuliko kamba yenyewe. Mimi niliishi na maneno yale sikioni asubuhi na mchana, na yeye aliyasema kama mtu anayetema ganda la karanga. Nikatoa simu, nikamwekea. Alisikiliza sauti yake mpaka kicheko kikaisha.

"Ile?" akasema. "Ile ilikuwa ya kuchekesha tu."

"Miye sikucheka, yaya," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa.

Akapangusa vumbi la viatu vyake. Kisha akasema baba yake hatakula kutoka mkononi mwake. Alilisema mara mbili, baba yangu, baba yangu, akaanza kulia, mwanamke mkubwa na mvi zake. Moyo wangu ulitikisika kidogo. Halafu nikakumbuka vile vikatuni, na moyo ukarudi mahali pake.

Nikamwambia nitakula chakula chake. Nitakula Jumapili, kwa wakwe, mkekani, familia yote ikiona, na uvumi utakwisha hapo hapo. Lakini lile gauni la kijani alifumue, alishone upya kwa vipimo vipya. Na Jumapili aje na metre yake.

Alipika sombe, yaani kisamvu, ya karanga, samaki wa kukaanga na bukari nyeupe laini. Watu walijaa kuliko kawaida, kwa kuwa shangazi alikuwa ametangaza. Baba mkwe aliketi kwenye kiti chake mlangoni mwa sebule, anajifanya anasikiliza redio. Sikuketi. Nilivua kitenge nilichojitanda, nikaikaza nguo yangu nyuma kwa mkono, nikasimama katikati ya ua.

"Unipime, yaya," nikamwambia. "Na useme kwa sauti."

Akanizungushia. Ncha zilikutana, zikapitana, na kipande kirefu kikabaki kinaning'inia. Akasoma namba kwa sauti ndogo. Nikasema wa nyuma hawajasikia. Akairudia, safari hii kwa nguvu. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Na kamba?" nikauliza.

"Kamba ya mbuzi aiko tena na kazi," akajibu.

Hakuna aliyecheka. Nikaketi mkekani. Shangazi akataka mpishi aonje kwanza, kama inavyotakiwa palipo na shaka, na wifi akakata tonge, akachovya, akameza mbele yetu. Kisha sinia likasogezwa kwangu, na macho yote yakahamia kooni pangu.

Miezi yote ile sikuwa nimegusa bukari. Nilipoikata ikanichoma vidole, nikaifinyanga, nikachota sombe. Karanga zilikuwa zimepondwa vizuri, mafuta yameelea juu kidogo, na kitu fulani cha moshi wa makaa kilikuwa ndani yake. Sijawahi kula sombe tamu kama ile, kwa mama yangu wala kwangu. Nilimeza. Kabla tonge la kwanza halijafika tumboni mkono wangu ulikuwa tayari unakata la pili, na sikuweza kuuzuia. Shangazi akanyoosha mkono wake. Akafuata mke wa shemeji, kisha wengine wote. Kutoka mlangoni mzee akapunguza redio, akauliza kama yeye hana sahani leo, na kuku wake wa jubile atapikwa na nani kama si mtoto wake.

Wifi alimpelekea sahani kwa mikono miwili, amepiga goti. Kisha akarudi, akaketi mbele yangu. Hakula. Alinitazama nikila, akingojea, kama mpishi yeyote anavyongojea, nimwambie neno moja.

Nikalamba vidole. Nikamtazama machoni.

"Yaya," nikasema, watu wote wakisikia, "chumvi imepunguka."

Haikuwa imepunguka.