Kisima cha Paraschiva

Gavril alikubali kila kitu kwenye ramani ya nyumba mpya: baraza, madirisha makubwa, hata bafu mbili, ingawa yeye ameoga kwenye beseni miaka sitini na minane na hajaota ukungu. Alichokataa ni nafasi ya chujio la maji kando ya jiko.

"Unataka kuyachuja maji ya mama yako?" alimfokea bintiye, Ilinca, aliyerudi kutoka Italia na mimba ya miezi saba.

Paraschiva alipofariki, Gavril, mumewe, alichimba kisima langoni kiwe sadaka yake, kama ilivyo desturi ya vijiji vya Moldova. Apitaye hunywa na kumwombea, na kila tone linywewalo hapa humfikia marehemu huko aliko. Padri mwenyewe alikibariki.

Jumapili Ilinca akamwekea mezani karatasi ya maabara. "Nitrati, baba. Mara tatu ya kiasi kinachoruhusiwa. Samadi ya mazizi imezama hadi chini. Wewe utakunywa na usione kitu, lakini kichanga akikorogewa maziwa ya unga kwa maji haya, damu inashindwa kubeba hewa. Anageuka buluu."

"Tutachemsha. Sisi tumekulia wapi?"

"Ukichemsha mvuke unaondoka, sumu inabaki, tena inazidi. Na chujio la mkaa halifui dafu. Tupange mtambo wenyewe wa kuondoa nitrati sasa, kabla mafundi hawajaziba mabomba ukutani."

Gavril alisusa chakula siku mbili. Jumatano akamwambia fundi, kwa sauti ya chini, aache nafasi ya mtambo. Basi, mjukuu amepona. Mengine ya nini? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hao hawakuwahi kusimama langoni kutangaza kwamba sadaka ya mke wao ni sumu. Aliona aibu, na aibu ikamfunga mdomo.

Alhamisi asubuhi jirani yao Domnica, mwenye kitoto cha wiki sita, akaja na ndoo kama kawaida.

"Ziwa limenikauka, mzee, ila mwanangu ana bahati, namkorogea kwa maji ya baraka. Lakini tangu jana hanyonyi vizuri, na midomo imeingia rangi ya zambarau. Ni baridi tu, eti?"

Gavril akampokonya ndoo, akaimwaga. "Mkimbize hospitali! Maji haya hayafai kwa mtoto!"

Domnica akamkodolea macho. "Umejua lini?"

"Jumapili," alisema Gavril.