Upatu Uliofunika Mtungi

Binti yangu anachechemea. Watu wakimwona huniuliza kama ni ugonjwa, nami huwajibu kwamba si ugonjwa, ni uzembe wa mtaa mzima. Wengine hukasirika. Nawaacha wakasirike.

Nilipoolewa Timbwani, upatu wa mtaa ulikuwa umetundikwa barazani kwa mzee wa mtaa, sahani pana ya shaba iliyobonyea katikati kwa kupigwa. Mimi natoka huko nyuma ya vilima, kwetu ni watu wa misheni na kusoma, na matumizi yake sikuyajua. Marehemu mama mkwe wangu alinieleza hata kabla hajanionyesha kisima. Harusini, alisema, upatu hupigwa kwa mdundo wa kuchezea. Mtoto akipotea hupigwa mfululizo, haraka haraka, na mpigaji hutembea nao njia hadi njia. Ukiusikia hivyo huulizi mtoto ni wa nani. Unaacha chungu motoni, unatazama chini ya kitanda chako, nyuma ya choo chako, kisimani kwako. Na watoto walifundishwa: ukiusikia nawe hujui ulipo, simama hapo hapo uite.

Nilimcheka kidogo, moyoni. Kwetu misheni tulikuwa na kengele.

Vita vilipokuja tukaambiwa king'ora kikilia tuzime taa tukimbilie kwenye mahandaki. Kelele nyingine zote zikakatazwa, watu wasije wakachanganyikiwa. Wakati huo huo tukaletewa kituo cha polisi, kibanda cha mabati karibu na njia ya feri, na askari wawili ndani yake. Tulikiomba wenyewe. Nguo zilikuwa zinaibwa kambani, kuku wanatoweka, na hata mimi nilifurahi kuona kofia ya askari inapita mlangoni. Mzee wa mtaa akaupeleka upatu kituoni kwa mikono yake, umefungwa katika shuka safi, utadhani anapeleka posa.

Vita vikaisha. King'ora kikanyamaza, mahandaki yakaachwa wazi, mbao zake zikaibwa kupikia. Upatu haukurudi, wala hakuna aliyeufuata. Tuna askari, upatu wa nini?

Siku yenyewe nilikuwa nafua nyuma ya nyumba. Binti yangu, ndiyo kwanza anaanza kusema maneno yakaeleweka, alikuwa mlangoni anapika mchanga katika vifuu. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imetoka kitambo. Nilipomaliza kuanika, vifuu vilikuwepo, mtoto hayupo.

Nilizunguka nyumba, nikaita, nikaenda kisimani nikainama mpaka nikaona uso wangu mwenyewe majini. Jirani yangu alikuwa barazani kwake akikuna nazi. Nikamwambia. Akasema pole, akaniuliza nimekwisha kwenda kituoni? Mkono wake haukuacha kukuna. Nilipomtazama kwa jicho baya akaongeza, "Wewe si ndiye uliyesoma? Nenda kaseme na askari wako."

Nikakimbia kituoni. Askari mmoja alikuwepo, ameweka viatu pembeni, anakunywa chai. Aliniambia mtoto wa umri ule hapotei, yuko kwa jirani anakula. Aliniambia koplo amekwenda upande wa feri, nisubiri arudi. Nikauona upatu. Ulikuwa kwenye kona, umefunika mtungi wa maji, na kata juu yake.

Nikamwomba anipe. Akasema haiwezekani bila ruhusa. Siku zile wafanyakazi wa gatini walikuwa wananung'unika, na serikali ilikuwa inaogopa kila penye watu wengi. "Ukipiga hicho, mama, watu watakusanyika," alisema, "na wakikusanyika mimi ndiye nitakayeulizwa."

Nikamwambia kukusanyika kwao ndiko ninakokutaka.

"Basi subiri koplo."

Sikusubiri. Nilikwenda kwa mzee wa mtaa, nikamwamkia shikamoo huku nahema, akaniitikia marahaba kwa utulivu wake wote, akanikaribisha mkekani. Nilimwomba, wallahi nilimwomba kama nisivyowahi kumwomba mtu, aje nami kituoni autake upatu, maana yeye wasingemnyima. Akajiangalia mikono.

"Binti, mambo ya kupotea sasa ni ya kituo. Mimi nikiingilia nitaambiwa sijui nafasi yangu."

Mume wangu alikuwa kazini ng'ambo ya feri. Nilizunguka peke yangu, ufukweni, mikorosho yote, nagonga mlango mmoja mmoja. Waliofungua walinipa pole. Wengine walitoka hatua mbili tatu wakarudi, kwa sababu hawakujua nani anatafuta wapi, na kila mmoja alidhani askari yuko njiani. Sisemi walikuwa watu wabaya. Ndio wale wale waliokuwa wakiacha vyungu vikaungua.

Jua lilikuwa limeanza kulala nilipofika kwa bibi mmoja anayekaa pembeni kabisa, mgonjwa wa magoti, hatoki nje ila kuanika mihogo. Nilipiga hodi, akaniitikia, na kabla sijamaliza kueleza nikakisikia kilio mwenyewe. Kilikuwa kimekwisha nguvu, kama cha mwana mbuzi. Kilitoka kwenye handaki lililo nyuma ya nyumba yake, lililofunikwa na makuti makavu.

Nilishuka nikamtoa. Mguu ulikuwa umegeuka.

Bibi alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. "Nimemsikia tangu adhuhuri, mwanangu," aliniambia. "Nikasema ni yule mkorofi wa nyumba ya pili, kapigwa na mamaye. Mbona hamkupiga upatu?"

 

Nilivuka na feri, mtoto nimemfunga kwa leso mbili. Daktari alisema mfupa wenyewe ulikuwa umevunjika vizuri tu, lakini mtoto alihangaika nao mchana kutwa akitaka kupanda, ndiyo maana umesogea. Alisema ataishi nao.

Siku ya pili nilirudi kituoni. Koplo alikuwepo. Sikumwamkia. Nilitoa kata, nikauinua upatu mtungini, nikautia kwapani nikatoka, naye hakunifuata. Nafikiri alikwisha kusikia. Nikautundika barazani kwa mzee wa mtaa. Alisema nimemvunjia heshima. Nikamwambia aende kituoni akanishitaki, kupotea kwa heshima pia ni mambo ya kituo.

Tangu hapo umepigwa mara moja tu kwa mtoto wa watu aliyepotea. Nilitoka mbio na leso mkononi. Milango mitatu ilifunguka. Kwenye mmoja mwanamke aliniuliza nani anaoa.

Binti yangu nimemfundisha. Nimemfundisha mpaka imemwingia mno, kwa sababu yeye hatofautishi mdundo na mdundo. Juzi kulikuwa na harusi nyumba ya nne. Upatu ulipoanza, watoto wote walikimbilia vumbi la ngoma. Wangu alisimama katikati ya njia, ule mguu umekunjika, akaita kwa sauti yake yote, "Nipo hapa." Watu wakacheka. Akaita tena, na tena, mpaka nikatoka nikamshika mkono.