Karangamuntu Mbele ya Altare

Nichekeni tu. Jumapili nilitoka mtaani kwetu Kinama kwa miguu kwenda misa mjini. Kwenye kila bariyeri, kizuizi cha barabarani, polisi walitupanga mstari: toa karangamuntu, yaani kitambulisho. Ukichelewa kuitoa, kofi, tena kutoka kwa kijana wa rika la mwanangu. Nami nimejifunza kuwahi, kama mbwa aliyefundishwa.

Kanisani nikapanga mstari wa komunyo, mawazo yangu yakiwa bado barabarani. Padri aliyevaa kanzu nyeupe akasimama mbele yangu, akasema, "Mwili wa Kristo."

Nikachomoa kadi, nikamnyooshea. "Iko hii, shefu. Mi niko mutu wa amani."

Padri akabaki na hostia hewani. Nikageuka nione nani ananicheka. Hakuna aliyecheka. Mama aliyekuwa nyuma yangu alikuwa ameshatoa karangamuntu yake.