Ng'ombe aliyevaa kanga ya mama

Leo nimemkuta ng'ombe wa jirani hapa Kansay amefungwa kanga mgongoni, nikacheka peke yangu.

Mwanzilishi wa mtindo huo ni mimi, miaka ya themanini, nikiwa mtafiti wa jinsi mwanga unavyoharibu DNA na protini.

Ng'ombe wetu wa mabaka meusi na meupe alianza kuungua ngozi kwenye meupe tu. Meusi mazima.

"Karogwa," baba akasema.

Nikamwambia kala jani ambalo sumu yake huamshwa na jua.

"Chuoni walikufundisha jua?"

Nikamfunga ng'ombe kanga ya mama. Majirani wakauliza harusi lini.

Baada ya wiki tukaifungua mbele yao. Palipofunikwa pamepona. Palipobaki wazi, vidonda vitupu.

Baba akaingia ndani, akatoka na kanga nyingine ya mama, ile ya kanisani.

Mliocheka siku ile mko humu kundini. Haya, semeni.