Mto Ambao Sikuutaja

Siku hizi nikiuliza darasani "Mmeelewa?" na darasa zima likaitikia "Ndiyooo", sifurahi tena. Zamani nilifurahi. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Kasulu, na itikio lile nililihesabu kuwa kazi nzuri.

Tulikuwa wanne, tukikutana Jumapili mchana sebuleni kwangu. Mchezo wetu ni wa kusimulia: mmoja anaongoza hadithi, kila mwingine ana mhusika wake, na penye utata dadu huamua. Mwongozaji nilikuwa mimi. Nilichora ramani nyuma ya kalenda iliyopitwa na mwaka, na wahusika walikuwa punje za maharage. Kulikuwa na nesi, kulikuwa na muuza vitambaa mwenye asili ya Tanga, na dada mmoja niliyesoma naye chuo cha ualimu. Mhusika wa dada huyo alikuwa mwanamke mrina asali, asiyeogopa nyuki wala mfalme. Alimcheza miaka mitatu, na sote tulimpenda kuliko wahusika wengine wote.

Kisha maisha yakatutawanya. Nesi alihamishiwa Buhigwe, muuza vitambaa akafungua duka Kibondo, na dada akarudi kwao Kagerankanda kulima na mama yake aliyekuwa mgonjwa. Tukakubaliana tuendelee mtandaoni, na mimi nikapewa kazi ya kuchagua meza, yaani programu ya kuchezea.

Nilijaribu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya sauti na dadu tu, hakuna cha kutazama. Ya pili ilikuwa na viboksi vitupu kama daftari la hesabu, ikafunguka hata kwenye simu ya kawaida. Ya tatu, jamani! Miti ilitupa vivuli, taa za nyumba ziliwaka, giza lilifunguka mhusika anaposogea. Nilikaa nayo wiki nzima kwenye kompyuta ya shule nikiichezea peke yangu. Nitasema ukweli: nilitaka wanione fundi.

"Na dada wa Kagerankanda ataiweza?" nesi aliuliza kwenye kundi letu.

"Siku hizi nani hana simu?" nilijibu.

Mwenyewe akaandika: "Nitaweza tu, mwalimu, msijali." Sikuuliza tena. Jibu lile lilinifaa.

Jumapili ya kwanza nilifungua ramani na kuuliza kwa sauti yangu ya darasani, "Mnaona?"

"Tunaona! Aisee, hii ni kali," alisema muuza vitambaa, nyuma yake mteja akiuliza khanga.

"Ego, naona," alisema dada. Ego ni ndiyo ya Kiha, na alipenda kuitumia tulipokuwa wenyewe kwa wenyewe. Akaongeza, "Ila kidole changu kizito, mwalimu. Uwe unanisogezea wewe."

Nikawa namsogezea. Kwenye kalenda nilikuwa nikieleza kila kitu kwa mdomo: kilima kiko wapi, njia inapinda wapi, upepo unatoka upande gani. Sasa nilinyamaza. Ya nini kueleza kinachoonekana? Wakati wa kuwakimbia askari wa mfalme ulipofika, dada akasema, "Mrina asali anakimbia moja kwa moja mbele, hatua kumi."

Mbele yake kulikuwa na mto, mpana, wa buluu, unaong'aa. Muuza vitambaa alicheka. Nesi alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, tena nikasema, "Dada yangu, mwenye macho haambiwi tazama!"

Nikamwingiza mtoni. Dadu ikakataa mara mbili, akazama. Nesi akaacha kucheka, akaniomba nimrudishe. "Sheria ni sheria," nilisema. "Ramani ilikuwa wazi mbele yake."

Kisha dada akasema, "Haya, mwalimu. Amekufa basi."

Jumapili iliyofuata hakuingia. Alisema shamba limembana. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu sikumuuliza tena. Tuliendelea watatu na ramani yetu nzuri, na hadithi ikawa haina ladha.

Nilimwona miezi miwili baadaye, shule iliponituma Kagerankanda. Nilimkuta uani akipeta maharage. Alinikaribisha vizuri, vizuri kupita nilivyostahili, akaenda kuniletea maji. Simu yake ilikuwa juu ya kigoda: ndogo, kioo kimepasuka katikati. Aliporudi nikamwomba anionyeshe ile meza inavyofunguka kwake. Alisita, akafungua. Tulisubiri. Kikatokea kioo cha kijivu, kitupu, na sauti tu.

"Siku zote ilikuwa hivi?"

"Siku ile moja. Sauti zenu nilizipata vizuri."

"Kwa nini hukusema?"

"Uliuliza mnaona, wenzangu wakaitikia. Ningesema nini?" Alitazama ungo wake. "Tena ulikuwa na furaha, mwalimu."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nilimwomba msamaha, maneno yakanitoka ovyo kama ya mtoto aliyevunja chungu. Aliingia ndani akatoka na daftari la hesabu, la viboksi. Ndani alikuwa amechora ramani yote, kwa penseli, kutokana na maneno yetu: nyumba ambazo nesi alizitaja, mti ambao muuza vitambaa alijificha nyuma yake, lango la askari. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Njia ya mrina asali ilikwenda mbele moja kwa moja, hatua kumi, juu ya karatasi nyeupe.

"Huo mto hukuutaja," alisema, bila lawama, akaninyooshea penseli. "Ulipita wapi? Nataka niuchore."

Nilishika ile penseli nikaitazama karatasi, na sikukumbuka. Ramani ile ya mtandaoni sikuichora mimi. Niliikuta imeshachorwa, nikaichukua kwa sababu ya rangi zake.