Kituo cha Mtazamaji Mmoja

Mji mzima ulimwita Bi Tanzia, na yeye hakukasirika. Kazi yake ilikuwa kusoma habari za jioni katika kituo kidogo cha televisheni, ghorofani juu ya duka la matairi, na sehemu kubwa ya habari hizo ilikuwa matangazo ya vifo. Akibisha hodi kwa mtu, mwenye nyumba alimtania kabla ya kumkaribisha: "Sema haraka, nani tena?" Mtambo wao ulikuwa dhaifu. Ukivuka daraja la mto, picha ilianza kutetemeka. Ukifika machimbo ya kokoto, zilibaki chenga tupu. Lakini ndani ya eneo hilo hakuzikwa mtu bila yeye kumtangaza.

Hakuolewa. Aliishi na mama yake mzazi pamoja na wifi yake, mjane wa marehemu kaka yake. Mama alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno makali na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, mpaka akili zilipoanza kumtoka kidogo kidogo. Kwanza alisahau sufuria motoni. Kisha akasahau kwamba mwanawe wa kiume amekufa, ikawa kila akimuulizia anaambiwa upya na kulia upya. Wifi akachoka. "Mimi simwambii tena. Yuko safarini, basi."

Mwishowe akamsahau binti. Lakini hakumsahau moja kwa moja, na hapo ndipo palipouma. Bi Tanzia akitokea kwenye televisheni, mama alipiga makofi. "Mwanangu huyo! Mtazameni alivyopendeza!" Lakini binti huyo huyo akirudi kutoka kazini na kuinama kumvua viatu, mama alimwangalia kama mgeni.

"Ahsante, dada. Nani amekuleta hapa?"

"Ni mimi, mama. Mwanao."

"Mwanangu yuko kazini," mama alijibu kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. "Mwanangu ni mtu mkubwa."

Mwanzoni Bi Tanzia alikuwa akienda kulia bafuni. Baadaye alizoea kuitwa dada. Wifi ndiye aliyegundua kwamba mama, ambaye siku hizo aliufumba mdomo akiona kijiko, alikula vizuri akiwa anamtazama bintiye kwenye televisheni. Basi Bi Tanzia akawa anamaliza habari kwa maneno haya: "Nanyi mlioko nyumbani, kuleni, mnywe dawa, mlale salama." Watu wakadhani ni madoido ya mtangazaji. Walevi wakayaiga vilabuni.

Ndipo likaja agizo la dijitali. Vituo vyote vingerushwa kupitia mitambo mipya ya pamoja, na ile ya zamani ingezimwa. Mwenye kituo, ambaye kila mtu alimwita Fundi kwa kuwa aliunda mtambo wake kwa mkono, alikwenda na kurudi kuomba nafasi. Aliambiwa wakubwa watapangiwa kwanza, wadogo watafikiriwa. Walipokuwa bado wanafikiria, siku ikafika. Vijana wawili wa mamlaka ya mawasiliano walipanda ngazi, wakakaa kwa adabu hadi Bi Tanzia alipomaliza kusoma. Mmoja akamwambia, "Bibi yangu hakosi kukutazama hata siku moja, mama." Kisha akauzima mtambo.

Nyumbani walifunga king'amuzi. Picha zikawa safi hata ukaona jasho la watangazaji. Mama aliwakagua wote, mmoja mmoja, siku baada ya siku. Halafu akasukuma sahani.

"Mwanangu amekufa. Mnanificha."

Bi Tanzia akavaa gauni la kazini, akakaa mbele yake, akasoma tangazo kwa sauti ile ile. Mama akakunja uso. "Msiba si mchezo, dada. Usimwigize mwanangu."

Kuanzia hapo hakula. Alikonda mpaka pete ikawa inamdondoka.

Fundi alipopata habari alikuja na kamera yake na bunda la waya. Aliweka kamera chumbani, akapitisha waya chini ya mlango, akauchomeka kwenye televisheni ya sebuleni. Jioni ile Bi Tanzia akasoma habari akiwa ameketi kitandani, na upande wa pili wa ukuta akasikia makofi.

Mama akala. Lakini habari ziliisha upesi, maana hakuna tena aliyeleta tangazo. Akawa anatangaza mvua, harusi za watu wasiokuwepo, barabara zisizojengwa. Siku moja, kwa kutaka kumfurahisha mama, akatangaza kwamba kaka yake amefika salama huko alikokwenda na anawasalimu wote.

Wifi aliingia chumbani kijiko kikiwa bado mkononi.

"Hilo usilirudie," alisema. "Mimi pia nilikuwa nasikiliza."

Bi Tanzia akamwomba radhi. Walikaa kitandani wote wawili, kamera ikiwatazama, mpaka mama akaita kutoka sebuleni kuuliza hao wanawake wawili wanalilia nini.

Msimu wa baridi kifua kilimbana mama, wakamkimbiza hospitali. Wodini hapakuwa na televisheni. Aliwauliza wauguzi kama saa ya habari imefika, na Bi Tanzia, aliyemshika mkono, akajibu, "Bado kidogo, mama."

"Wewe ni dada mwema," mama alimwambia. "Binti yangu akija, mwambie nilimsubiri."

"Nitamwambia."

Kesho yake alikata kauli, asiweze tena kusema, na kabla ya jua kuchwa akafariki.

Waliwapigia simu wale ambao namba zao walikuwa nazo. Mazishi yalikuwa ya watu wachache, na wengi mjini hawakujua kabisa. Wanawake ambao Bi Tanzia alikutana nao sokoni waliendelea kumuuliza, "Mama hajambo?" Mwanzoni aliwaambia ukweli, akasimama pale katikati ya vibanda akipokea pole na lawama: mbona hamkutuambia? Alirudi nyumbani kila mara kama mtu aliyezika tena. Siku hizi, akiulizwa, hujibu, "Hajambo," na kupita.